Discovery 3 ya bei poa: jua kinachokungoja gereji kabla hujatuma pesa

Ukipekua matangazo ya magari siku hizi, hutakosa Land Rover Discovery 3 inayouzwa kwa bei ya gari dogo la kawaida. Viti vya ngozi, nafasi ya watu saba, na barabara mbovu ya kwenda ushago haiiogopeshi. Unajiuliza, kuna nini hapa? Mwenzetu mmoja wa ofisini alijiuliza hivyo hivyo, kisha akachukua mkopo wa sacco akanunua ya mwaka wa 2007. Amekubali tusimulie yaliyompata mradi tusimtaje jina.

Tuanze na hiyo bei. Discovery 3 ilitoka mwaka wa 2004, na 2009 nafasi yake ikachukuliwa na Discovery 4. Kenya haikubali gari lililotumika liingizwe nchini likiwa na zaidi ya miaka 8, kwa hivyo ile unayoiona sokoni leo imekula barabara zetu kwa miaka mingi, na mara nyingi imepitia mikono kadhaa. Bei ya gari imeshuka, lakini bei ya spea haikushuka nayo. Kompresa haijui kwamba gari lako lina karibu miaka 20.

Na kompresa ndiyo iliyomkaribisha mwenzetu. Discovery nyingi za aina hii hazikalii springi za chuma. Zinakalia mifuko ya hewa inayojazwa na kompresa iliyo chini ya gari. Mfuko mmoja ukianza kuvuja, unaamka asubuhi unakuta gari limelala upande mmoja kama ngamia. Ukiwasha, kompresa inajaza, gari linasimama, nawe unaendelea na safari. Hapo ndipo wengi hukosea. Kompresa inayofanya kazi kila mara kufidia hewa inayovuja huungua mapema, na badala ya kubadilisha mfuko mmoja unalipia vyote viwili. Tunazungumzia makumi ya maelfu ya shilingi. Mwenzetu alivumilia miezi mitatu. Kilichofuata unakijua.

Injini nayo ina mambo yake, hasa ile ya dizeli ya lita 2.7. Ina belti mbili: ya mbele inayoendesha vali, na ya nyuma inayoendesha pampu ya dizeli, ambayo mafundi wengine huisahau kabisa. Kuna pia pampu ya oili. Kwenye injini za miaka ya kwanza, sehemu ya pampu hiyo inayoshikilia kikaza belti ilikuwa dhaifu. Ikivunjika, belti inaruka, vali zinagongana na pistoni, na hapo unatafuta injini nyingine kwa laki kadhaa. Ndiyo maana fundi anayelijua gari hili atakushauri ubadilishe pampu pamoja na belti. Ukiwa mnunuzi, usiridhike na neno la "belti ilibadilishwa". Omba risiti. Kama haipo, hesabu kwamba haikubadilishwa, na uteremshe bei kulingana na hilo.

Bushi za mikono ya chini pia huisha haraka, maana gari lina uzito wa karibu tani mbili na nusu. Breki ya mkono, ambayo ni ya umeme, huanza kupiga kelele vumbi likiingia. Hizo zinavumilika.

Kilichomuuma zaidi mwenzetu ni taa za onyo. Siku moja dashibodi iliwaka onyo juu ya onyo, likiwemo la mfumo wa kuteremka mlima. Fundi akamwambia moduli imekufa, inahitajika nyingine, atume 45,000 za kununulia. Akazituma kwa nambari ya simu ya mtu aliyeambiwa ni binamu wa fundi. Moduli ikafungwa, taa zikazima siku nne, zikarudi. Gereji ya pili ililipima gari kwa kompyuta na kubadilisha swichi ya taa za breki, kidude kidogo cha bei ndogo ambacho wenye Discovery 3 wengi wanakijua. Onyo halijarudi hadi leo. (Betri iliyochoka nayo huleta vituko kama hivyo, kwa hivyo ipimwe kwanza.)

Je, 45,000 zilirudi? La. Wengi hudhani kwa kuwa anafanya kazi hapa kwetu, angeweza kuzirudisha kwa kubonyeza mahali. Haiwezekani. Kurudisha muamala ni kwa pesa zilizoenda nambari isiyo sahihi. Yeye alituma kwa nambari aliyoikusudia, na ujumbe wake haukuonyesha pesa ni za nini. Hakuwa na karatasi ya gereji wala jina la biashara.

Siku hizi analipa gereji kwa nambari ya Till pekee, na anasoma jina la biashara linalojitokeza kabla ya kuweka PIN. Spea za Kirinyaga Road anazilipia mwenyewe pale dukani, akiwa ameishika mkononi, halafu fundi analipwa ufundi wake kazi ikiisha. Kila ujumbe wa malipo anaupiga picha pamoja na risiti. Fundi mmoja alikasirika kwamba haaminiwi, akaachwa.

Kama bado unataka kununua, na hatukulaumu, pitia eCitizen ulitafute gari kwenye rekodi za NTSA kabla ya kutuma hata shilingi ya kulishikilia. Jina la mmiliki lisipolingana na la anayekuuzia, uliza maswali. Kisha mlipe fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji, alipime kwa kompyuta. Liache limesimama usiku kucha uone kama litalala.

Mwenzetu bado analo. Kila mwezi anaweka 15,000 kwenye akiba aliyoifunga, ambazo kwa mwaka ni 180,000, na haigusi hata kwa karo. Belti zote mbili na pampu ya oili zinabadilishwa mwezi ujao.