Arobaini ya Mzazi: Uleaji wa Uzazi Kilosa na Mikumi

Katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, na katika mji mdogo wa Mikumi ulioko kusini mwake kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa, mwanamke aliyetoka kujifungua huitwa mzazi, na jina hilo humpa haki ambazo siku nyingine hanazo: hapiki, hachoti maji, hulishwa vya moto na hukandwa. Wenyeji wa huko, yaani Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, jambo lililochunguzwa na mwanaanthropolojia Thomas Beidelman katika kitabu chake cha mwaka 1967, kwa hiyo si ajabu bibi mzaa mama akawa ndiye mwenye kauli juu ya nani aingie chumbani, mzazi ale nini na atoke lini.

Malezi hayo yana ndugu yake wa mbali. Ayurveda, mfumo wa tiba wa kale wa Bara Hindi ambao jina lake lina maana ya elimu ya maisha, una maelekezo ya chakula cha mjamzito mwezi kwa mwezi, na katika mwezi wa 8 kitabu kinachojulikana kwa jina la Charaka kinaagiza uji uliopikwa kwa maziwa na kutiwa samli. Baada ya kujifungua, kitabu hichohicho kinataka mama anyweshwe samli au mafuta yenye pilipili na tangawizi, tumbo lipakwe mafuta na kuzungushiwa kitambaa kipana, kwa hoja kwamba tumbo lililobaki wazi litajaa upepo. Msomaji aliyewahi kuona kanga ikikazwa kiunoni mwa mzazi, na bakuli la uji wa pilipili manga pembeni yake, hahitaji kufafanuliwa zaidi. Hata neno pilipili lenyewe asili yake ni Bara Hindi. Haina maana kwamba Kilosa ilijifunza kulea kutoka India, maana hofu ya baridi kumwingia mzazi hupatikana katika jamii nyingi zisizowahi kukutana. Kinachoshangaza zaidi ni hesabu: waganga wa Ayurveda walitenga mwezi mmoja na nusu, yaani siku 45, Waswahili husema arobaini, na tiba ya hospitali, ikipima muda wa mji wa mimba kurudi katika hali yake, ilifikia siku 42.

Kukanda ndiyo kazi kubwa ya kipindi hicho. Maji huchemshwa na kumiminwa kwenye beseni, taulo au kipande cha kanga kikachovywa, kikakamuliwa na kukandamizwa tumboni, kiunoni na mapajani, asubuhi na jioni, huku mzazi akiuma meno. Joto la wastani hulegeza misuli na kupunguza maumivu, lakini maji yanayofuka mvuke huunguza ngozi, na kwa aliyezaa kwa upasuaji kulikandamiza tumbo ni kuuchokoza mshono ambao haujashika. Mtoto naye hupakwa mafuta na kunyooshwa viungo, na hapa Ayurveda husifu mafuta ya ufuta, zao linalolimwa pia Morogoro. Katika nyua nyingi kuna mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi na unaosifiwa kutibu maradhi arobaini (namba hiyo tena!), ambao majani yake hutiwa katika maji ya kuoga, kuyanywa ni jambo jingine, na wajawazito huonywa wasithubutu kwa kuwa yanaweza kuharibu mimba.

Yapo mambo ambayo jadi zote mbili zilikosea. Maandiko ya Ayurveda humlambisha kichanga asali na samli kabla ya ziwa la mama, na Afrika Mashariki nako dang'a, maziwa ya kwanza mazito yenye rangi ya manjano, mara nyingi yalikamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa kuwa machafu, ilhali ndiyo yenye kinga kubwa kuliko yote. Asali haimfai mtoto aliye chini ya mwaka mmoja kwa sababu inaweza kubeba vimelea vya sumu inayolegeza misuli hadi pumzi. Kitovu kilichopakwa majivu, udongo au kinyesi cha ng'ombe ndicho kilichokuwa mlango wa pepopunda. Udongo unaouzwa sokoni kwa wajawazito, maarufu kama pemba, unaweza kuleta minyoo na madini ya risasi, na madini hayo hayakosekani katika dawa za kisasa za Ayurveda: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliyakuta madini mazito katika bidhaa 14 kati ya 70 zilizonunuliwa madukani Boston.

Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, lakini mkunga wa jadi ameondolewa zaidi na kuongezeka kwa vituo vya afya kuliko na sheria yoyote. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 81 ya uzazi hufanyika vituoni, wakati ule wa 2015/16 ulionyesha asilimia 63. Hata hivyo mzazi aliyejifungua salama huruhusiwa baada ya siku moja hivi, na siku zote zinazobaki hurudi mikononi mwa bibi, ambaye mafunzo ya afya mara nyingi humsahau kana kwamba hayupo. Mvua zikikolea na mto Mkondoa ukifurika, kama ilivyokuwa Kilosa mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, njia hukatika na huyo bibi huwa ndiye mhudumu pekee aliyepo.

Shirika la Afya Duniani hutaka mama na mtoto waonwe ndani ya saa 24, tena siku ya 2 au ya 3, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na mwisho wiki ya 6. Katikati ya tarehe hizo, anayekanda na kufua kanga ndiye wa kwanza kuona damu iliyozidi, usaha kitovuni au kichanga kinachokataa ziwa, na simu ya kuita m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito, wazazi na watoto wachanga, hupigwa bure kwa namba 115.