Mche wa boga hautaki kung'olewa

Kabichi ukiing'oa kitaluni na kuipanda shambani ikiwa na mizizi mitupu, italegea siku mbili tatu kisha itasimama. Boga halina uvumilivu huo. Mizizi yake ni laini, hutawanyika mapema, na ikikatika huchelewa kuota upya. Kwa hiyo Bukoba, mvua ikishatulia, ushauri wangu ni kupanda mbegu moja kwa moja kwenye shimo. Kuotesha miche kuna maana ukiwa na mbegu chache za bei kubwa, au ukiwa upande wa Muleba ulio mbali na ziwa, ambako mvua ni haba kuliko mwambaoni na wiki mbili za kutangulia msimu si haba.

Ukiamua kuotesha, acha kitalu cha pamoja. Chukua ganda kavu la mgomba, lizungushie chupa upate umbo la kiriba, lifunge kwa kamba ya mgomba huohuo, kisha jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Mbegu moja kwa kila kiriba. Siku ya kuhamisha, chana kitako chake na ukizike pamoja na mche. Ganda litaozea ardhini na mizizi haitajua kama imehama. Acha ukingo wa kiriba ujitokeze kidogo juu ya udongo. Faida yake nitaieleza.

Hamisha mche ukiwa na majani mawili au matatu ya kweli, yaani wiki mbili hadi tatu tangu uote. Yale mawili ya mwanzo, manene na laini, usiyahesabu. Mche uliozidi hapo, hata ukiwa mnene wa kuvutia, mizizi yake imeshaanza kujisokota ndani. Siku 7 hivi kabla ya kuhamisha, anza kuutoa kivulini: saa chache za jua la asubuhi, kesho zaidi, huku ukipunguza maji.

Halafu kuna swali la mahali, na hapa ndipo wengi huharibu. Udongo wa kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, umelishwa samadi na matandazo kwa vizazi, lakini katikati ya migomba kivuli ni kizito na boga hutaka jua la kutosha, angalau saa sita. Rweya, yaani uwanda wa nyasi, ina jua tele, ila udongo wake ni mchanga wenye tindikali na rutuba kidogo. Bila samadi nyingi mche utadumaa. Mimi ningechagua pembeni mwa kibanja, au kikamba, yaani shamba la mazao ya msimu. Chimba shimo, changanya udongo na samadi iliyooza kabisa (mbichi huunguza mizizi), na uache mita 2 hivi kati ya shina na shina. Na kama jembe au panga limepita kwenye migomba yenye mnyauko wa bakteria, lioshe na kulipitisha motoni kabla ya kuligusisha mgomba mwingine. Ugonjwa huo uligunduliwa Muleba mwaka 2006 na hadi leo husafiri kwa vifaa.

Panda jioni. Mwambao huu wa magharibi wa Ziwa Victoria hupata mvua nyingi usiku na alfajiri, hivyo shimo lisiwe bakuli la kukusanya maji. Inua udongo kidogo uwe kama tuta. Mwagilia hata kama kuna mawingu, ili udongo ushikane na mizizi. Tandaza nyasi, lakini ziache upana wa kiganja kutoka kwenye shina, la sivyo litaoza.

Majani yakilegea saa saba mchana na kusimama jioni, usihangaike. Maji yanatoka kwenye majani kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuleta. Yakiwa yamelegea alfajiri, fukua uangalie kama udongo ni mkavu au umejaa maji. Shina likikutwa limekatwa usawa wa ardhi, hiyo ni kazi ya sota, kiwavi wa udongoni. Papasa udongo ulio jirani, utamkuta amejikunja. Ule ukingo wa kiriba uliouacha juu ndio humzuia.

Basi zungumzeni nyumbani kuhusu msusa. Majani ya boga ni mboga nzuri, lakini mche uliohamishwa huishi kwa majani hayohayo machache. Asichume mtu hata moja mpaka mmea utambae.