Zima umeme tuone: maonyesho ya mitambo ya simu kwenye skrini

Tarehe 12 Februari 2020, zikiwa zimebaki siku 12 milango ifunguliwe, GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, ulifuta maonyesho ya Mobile World Congress (MWC) ya Barcelona. Ericsson, Nokia, LG, Sony na Vodafone walikuwa wameshajitoa kwa hofu ya korona. Mwaka uliotangulia watu zaidi ya 100,000 walihudhuria, na kwa watengenezaji wa mitambo ya minara soko kubwa la mwaka lilikuwa pale: mteja, mhandisi wake na mtu wa bei wanakutana katika chumba kimoja nyuma ya banda.

Biashara ikahamia kwenye kompyuta kwa pupa. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, lililokuwa limepanga kukutana Hanoi, lilifanya mkutano wake mtandaoni Oktoba 2020. AfricaCom, maonyesho ya mawasiliano ya Cape Town, ikafuata Novemba. CES, maonyesho ya elektroniki ya Las Vegas, Januari 2021, ilikuwa ya mtandaoni yote, na waonyeshaji wakashuka kutoka zaidi ya 4,400 hadi takriban 2,000. Waliofaidi haraka ni wauza majukwaa. Hopin ya London, iliyoanzishwa 2019, ilithaminiwa dola bilioni 7.75 Agosti 2021. Miaka miwili baadaye biashara yake ya matukio ilichukuliwa na kampuni ya RingCentral kwa malipo ya awali ya dola milioni 15.

Anguko hilo lina sababu zake. Waandaaji wengi walichora ukumbi kwenye skrini: mabanda ya katuni, korido za kupita kwa kipanya, begi la kukusanyia vipeperushi. Walinakili jengo wakasahau kwa nini watu walikuwa wakisafiri kuja kwenye jengo hilo.

Anayenunua redio ya mnarani ana maswali ya mwilini kabisa. Ina uzito gani? Redio za kwanza za 5G zenye antena nyingi zilifika kilo 40 na zaidi. Sasa ziko za kilo 20 hivi. Tofauti hiyo haionekani kwenye picha, lakini fundi anayepanda mita 40 anaijua, na mwenye mnara, kwa mfano Helios Towers inayokodisha minara Tanzania na Kongo, anaijua zaidi, kwa sababu kila kilo na kila nafasi mnarani ina kodi yake. Inakula umeme kiasi gani usiku, watumiaji wakiwa wamelala? Kwenye eneo linaloendeshwa kwa jenereta, jibu hilo ni dizeli. Video iliyorekodiwa studio, yenye muziki na mtangazaji, haijibu lolote kati ya hayo.

Maabara inajibu. O-RAN ALLIANCE, iliyoanzishwa 2018 ili vifaa vya watengenezaji tofauti viweze kuunganishwa, huandaa majaribio iyaitayo PlugFest katika maabara za nchi mbalimbali kwa wakati mmoja. Pale kuna kazi ya kutazama ukiwa mbali: redio ya kampuni hii inakubali au inakataa kompyuta ya kampuni ile. Muuzaji anayetaka tukio lake la mtandaoni liuze angeanzia hapo. Aweke kamera kwenye mtambo unaofanya kazi, mita ya umeme ionekane, kisha mteja aseme: zima umeme tuone. Betri inashika kwa muda gani, kengele gani zinalia kwenye skrini ya msimamizi, mtambo unarudi hewani baada ya dakika ngapi. Nusu saa ya namna hiyo naithamini kuliko hotuba za siku nzima.

Kwa wanunuzi wa huku kwetu skrini ina faida ambayo Barcelona haitaitoa kamwe. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen ni euro 90, kabla ya tiketi na hoteli ya wiki ambayo mji mzima umepandisha bei. Matokeo yake husafiri mkurugenzi, na fundi anasubiri vipeperushi. MWC Kigali, iliyoanza 2022, imepunguza umbali, ila bado haibebi timu nzima ya matengenezo ya Mwanza au Kisangani. Mtandaoni timu hiyo inaweza kukaa chumba kimoja na kuuliza yenyewe, mradi ratiba isiwe ya saa za California na video isimalize bando.

Mhudhuriaji naye ana kazi. Apeleke mapema orodha ya maeneo yake: masafa anayotumia, chanzo cha umeme, mzigo unaobebwa na mnara. Aulize kama kifaa kimeshaidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au mamlaka ya nchi yake, na vipuri viko wapi. Juu ya yote aulize bei ya leseni za programu. Redio nyingi huuzwa zikiwa na uwezo uliofungwa, na kila ufunguo una ankara yake. Hapo ndipo bajeti nyingi hupasuka mwaka wa pili, na hapo ndipo watangazaji hukwepa.

Ukumbi umerudi kwa kishindo. Juni 2021 Barcelona ilipata watu 20,000 hivi, na Ericsson ilipokosekana, kampuni changa ya TelcoDR ilichukua eneo lake lote. Kufikia 2024 wageni walikuwa wamepita tena 100,000. Matukio ya mtandaoni yamebaki kwa watengenezaji wenyewe, madogo, ya saa moja au mbili, mara nyingi ya mteja mmoja na maabara moja, na mengi hayatangazwi popote.