Mkia wa Panya: Kweli au Si Kweli?

Katika malisho ya Queensland, Australia, kuna nyasi sugu iitwayo mkia mkubwa wa panya. Huota kwa mashada, huishi miaka mingi, na ikishatamalaki ng'ombe hukosa cha kula. Mfugaji anayeitambua mapema huing'oa shina moja moja. Anayechelewa, mara nyingi ni kwa sababu ameamini mojawapo ya haya.

“Suke lake lazima lifanane na mkia wa panya.”
Si kweli, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Suke changa huwa jembamba, vitawi vyake vimebana kwenye bua, na hapo jina linastahili. Likikomaa, vitawi vya chini hutanuka, suke likawa pana chini na lenye ncha juu, kama piramidi. Mtu anayetafuta mkia tu ataipita nyasi iliyokomaa, tena ndiyo inayomwaga mbegu. Usiangalie umbo peke yake. Pima urefu: shina hufika hata mita 2, na suke sentimita 45. Kisha shika jani ulivute. Ni gumu ajabu, halikatiki kirahisi. Australia ina nyasi zake za asili za jamii hiyohiyo, nyingi zikiwa nyembamba na laini zaidi, na ni hasara kuzing'oa bila kosa. Ukibaki na shaka, peleka shina zima, lenye suke na mizizi, kwa mtaalamu wa mimea.

“Ng'ombe huikwepa kwa kuwa ina sumu.”
Si kweli. Ikiwa changa huila. Ikikomaa, ugumu wake ndio unaowashinda. Basi hula nyasi tamu zilizo jirani mpaka ziishe, nayo ikabaki inatawala.

“Ichome moto, itakwisha.”
Si kweli. Shina huchipua upya, na ardhi iliyobaki wazi huzipa mbegu nafasi ya kuota. Mita 1 ya mraba inaweza kutoa mbegu 85,000 kwa mwaka.

“Asili yake ni huko huko Australia.”
Si kweli. Ni nyasi ya Afrika. Iliingia huko miaka ya 1960, imechanganyika na mbegu za malisho. Huku kwetu Afrika Mashariki ipo, na huonekana hasa pale mifugo ilipolishwa kupita kiasi. Mfugaji wa huku akiiona inaongezeka, ajue malisho yake yamechoka.

“Mbegu zake hungoja miaka 10 ardhini.”
Kweli. Zikilowa hunata kwenye manyoya, viatu na magurudumu. Nyingine hupita tumboni mwa ng'ombe zikatoka kwenye kinyesi zikiwa hai. Ndiyo maana mifugo inayotoka shamba lenye nyasi hii hushauriwa ikae kwanza siku 5 hadi 7 katika zizi la pembeni, na zizi hilo likaguliwe kila mvua inaponyesha.