Vifuko vya Maji Katika Ini la Kondoo: Usimpe Mbwa

Hebu tufikirie siku ya sherehe hapa kwetu Izia. Kondoo amechinjwa nyuma ya nyumba. Anapopasuliwa, tunakuta ini lina vifuko vyeupe vya maji. Vingine ni vidogo kama harage, vingine vikubwa kama yai la kuku. Tunafanya nini? Tunakata kipande kile kibovu, tunamrushia mbwa. Kumbe hapo ndipo ugonjwa unapoanza safari yake. Wataalamu wanauita hidatidi.

Safari ya mnyoo

Ndani ya kifuko mna vichwa vingi vya tegu mdogo sana. Mbwa akivila, vinakua tumboni mwake. Baada ya wiki 6 au 7 hivi, tegu hao wanaanza kutoa mayai. Mbwa mwenyewe haonekani mgonjwa. Mayai yanatoka na mavi yake, yanabaki kwenye majani, kwenye maji na kwenye manyoya yake. Kondoo anakula majani yale, naye anaota vifuko.

Na mtu je? Mtu haambukizwi kwa kula nyama ya kondoo. Anaambukizwa akimeza mayai yaliyotoka kwa mbwa. Mtoto anacheza na mbwa, halafu anakula bila kunawa. Au tunakula mboga mbichi bila kuziosha. Kifuko kinaota katika ini au mapafu, kinakua polepole kwa miaka mingi. Kikipasuka, mtu anaweza kufa. Kwa hiyo mwenye uvimbe tumboni asikandwe wala asichanjwe. Apelekwe hospitali. Huko wataalamu wataamua kama ni kupasuliwa au kupewa dawa.

Ugonjwa huu si hadithi. Turkana, nchini Kenya, umewatesa watu wengi. Hapa Tanzania umeonekana kwa kondoo na mbuzi wa Ngorongoro.

Kusoma kuliwasaidia wenzetu

Zamani kisiwa cha Aislandi, huko Ulaya, kilikuwa na kondoo wengi, mbwa wengi na wagonjwa wengi. Mwaka 1864 kilitolewa kijitabu cha kuwaeleza wananchi chanzo cha ugonjwa huu. Wakulima wale walijua kusoma. Walisoma, wakaanza kuwanyima mbwa matumbo yenye vifuko. Baadaye sheria na dawa za mbwa zikaongezwa. Miaka ilipita, lakini mwishowe ugonjwa ulitoweka.

Na sisi tufanye nini?

1. Tuchinje machinjioni, nyama ipimwe na mtaalamu. Kama ni nyumbani, mbwa wafungwe mbali.

2. Ini au mapafu yenye vifuko tuyachome moto, au tuyafukie katika shimo refu mbwa asipoweza kufukua.

3. Kama ni lazima mbwa ale matumbo, tuyachemshe kwanza nusu saa.

4. Tumwulize bwana mifugo dawa ya minyoo ya mbwa.

5. Tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, hasa watoto. Mboga tuzioshe vizuri.

Hatusemi mbwa wauawe. Mbwa ni mlinzi wa nyumba na mifugo. Tunachosema ni kwamba kipande kile cha ini kisifike kinywani mwake. Ewe unayejua kusoma, msomee na jirani yako habari hii kabla hajachinja.