Kwa Nini Kongosho Haijisagi Yenyewe?

Mama, nyuma ya tumbo la chakula kuna kongosho. Wengine wanasema pankreasi. Inatengeneza tripsini, dawa kali ya kusaga nyama. Lakini kongosho yenyewe ni nyama! Namna gani haijisagi?

Tripsini inatoka ikiwa imelala, kama kisu ndani ya ala. Inaamshwa ikifika katika matumbo madogo. Tena tuko na jeni, ndiyo maagizo tuliyorithi kwa baba na mama. Jeni moja, SPINK1, inaagiza mlinzi atengenezwe. Tripsini kidogo ikiamka mbele ya wakati, mlinzi anaikamata.

Mwaka 1996 wachunguzi wa Marekani walionyesha kwamba katika jamaa fulani jeni ya tripsini ina kosa: ikiamka, haizimiki vizuri. Watoto wao wanaugua mara kwa mara. Basi wakiugua wengi katika nyumba moja, usiseme ni bibi mzee amewaroga.

Hata mlinzi mzima anaweza kushindwa: pombe nyingi, mawe ya nyongo, ao mnyoo mrefu wa mtoto ukiziba njia. Maumivu makali juu ya kitovu yakipita mpaka mgongoni, pamoja na kutapika, usimpige mtoto lavema. Umlete siku ile ile.