Kazi za Demani Katika Pwani za Dar es Salaam

Mtu aliyezaliwa Kariakoo au Magomeni asijaliwe kukaa karibu na mawimbi huweza kudhani kuwa bahari ni ile ile mwaka mzima, na kwamba mvuvi akihitaji samaki hana la kufanya ila kutia chombo majini akaenda zake. Dhana hiyo haina ukweli. Wakazi wa pwani hii, tangu Mbweni, Ununio na Kunduchi upande wa Kinondoni, hata Mjimwema, Mbwamaji na Kimbiji ng'ambo ya bandari, ambako kwa miaka mingi kulihesabiwa kuwa Temeke kabla Kigamboni haijafanywa wilaya mbali, huishi kwa amri ya pepo mbili. Kusi huanza kuvuma masika yanapokwisha, ikashika nguvu Juni na Julai katika baridi ya kipupwe. Kaskazi huingia karibu na mwisho wa mwaka ikadumu hata Machi. Baina ya kusi iliyochoka na kaskazi isiyokwisha kufika, takriban tangu mwishoni mwa Agosti hata Novemba, yapo majira yaitwayo demani, na hayo ndiyo majira ya mvuvi kujiweka tayari.

Wazee wa zamani hawakungoja kalenda ya ukutani iwaambie wakati. Walikuwa na mwaka wao wa jua, wenye siku 365, ulioanzia Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, ukagawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano zilizosalia. Na nahodha aliyejua yuko katika mwongo gani alijua pia upepo gani wa kutumainiwa na upi wa kuogopwa. Watu wa Makunduchi, Unguja, huiadhimisha siku hiyo hata sasa kila Julai. Huku pwani ya Mrima hesabu hiyo imebaki kwa wachache, lakini mazoea iliyoyajenga yangalipo: kusi ikilegea, upepo wa matlai ukaanza kuleta maji matulivu asubuhi, hakuna anayehitaji kupigiwa mbiu.

Kazi ya kwanza ni ya vyombo. Miezi ya kusi huvitesa, kwa kuwa wanaothubutu kutoka hupigwa na mawimbi mazito, na wasiothubutu huacha ngalawa zao zikigongwagongwa nangani. Kwa hiyo hungojwa bamvua, maji yanapojaa sana hata kufika juu ya ufuko, mashua ikasukumwa na kuvutwa juu ya magogo na watu wengi kwa sauti moja, kisha maji yakitoka chombo hubaki nchi kavu. Hapo hulazwa ubavu mmoja, na siku ya pili ubavu wa pili, kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani na jamaa zake. Magamba ya bahari yaliyoganda chini hukwanguliwa, halafu makuti makavu huwashwa na mwali wake kupitishwa polepole chini ya mkuku na mbavuni, ili wadudu watoboao mbao wafe wakiwa ndani ya vitobo vyao. Kazi hii yataka mkono mtulivu. Moto ukipita upesi huwaacha wadudu hai, na ukikawia huunguza ubao ambao fundi aliuchonga kwa siku nyingi.

Baada ya moto hufuata kalafati. Fundi huchunguza kila kiungo cha mbao, akaondoa pamba kuukuu iliyooza, akasokota pamba mpya iliyoloweshwa mafuta, akaishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti; na mwanafunzi wake huonywa asiigonge kwa pupa, maana pamba iliyojazwa kupita kiasi huzitanua mbao chombo kinapovimba majini. Kisha juu hupakwa sifa, mafuta ya maini ya papa ambayo harufu yake mgeni haivumilii na mwenyeji haisikii tena, na chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Chokaa hiyo ya matumbawe yaliyochomwa ndiyo iliyojengea msikiti mkongwe wa Kunduchi na makaburi yake ya nguzo, yaliyopambwa kwa sahani za Kichina. Na mimi huona fahari kufikiri kwamba kitu kile kile kilichohifadhi makaburi ya mababu kimehifadhi pia vyombo vya wajukuu. Siku hizi wengi hutumia rangi ya dukani badala ya deheni. Si vibaya, maadamu chombo kimekauka kwanza.

Ngalawa ina mambo yake. Mwili wake aghalabu ni gogo moja la mwembe lililochongwa kwa tezo, na uzima wake umo katika mirengu, ile miti miwili inayokatiza juu na kushika matengo kulia na kushoto. Kamba za mirengu zikilegea, ngalawa hupinduka kwa wimbi ambalo mtoto angelicheka. Kwa hiyo demani kila fundo hufunguliwa na kufungwa upya, hata lile linaloonekana zima. Nimewaona wavuvi vijana wakilalamikia kufungua fundo lisilo na kasoro, na wazee wao wakakataa katakata kuafikiana nao, nami naamini haki ilikuwa kwa wazee. Tanga nalo hutandazwa mchangani likatiwa viraka. Mardufu imekuwa adimu, na matanga mengi ya leo ni ya viroba vilivyoungwa, lakini mshono wa pindo ni ule ule.

Nyavu hupewa siku nyingi kuliko chombo. Chini ya mkungu au mwarobaini, wanaume huketi wakiwa wamenyoosha miguu, wavu umeshikwa kwa kidole gumba cha mguu, sindano ya mti iliyojaa uzi ikipita na kurudi. Zamani, nyavu zilipokuwa za pamba, zilichemshwa kwa magome ya mikoko zisioze; nailoni imeondoa kazi hiyo, lakini haikuondoa meno ya papa wala miamba inayorarua. Jarife lenye matundu makubwa hushonwa na wenye mikono mizito, wavu wa samaki wadogo huachiwa wenye macho makali. Chubwi zilizopotea hujazwa, maboya yaliyopasuka hubadilishwa. Kando yao wengine husuka madema kwa fito na mianzi, mtego ambao samaki huingia kwa njia pana asione pa kutokea. Na katika duara hilo ndimo kijana ajifunzamo mengi zaidi ya kushona: fungu gani la mchanga limehama, mwamba gani una changu na upi una chewa, nani ni jamaa ya nani, na deni gani halijalipwa tangu mwaka jana.

Wanawake hawakai wakingoja. Kusi inapopunguza samaki, wao ndio wanaoshikilia nyumba: husuka ukili, hushona makuti ya kuuza kwa wanaoezeka kabla ya vuli, na katika maji makavu ya bamvua hushuka miambani kutafuta pweza na chaza, au wakatanda uduvi kwa kanga. Ikifika demani, wakaanga samaki hukandika majiko yao udongo mpya, hukusanya kuni, na kuinua upya vichanja vya kukaushia ng'onda. Tena mvuvi huyo huyo ni mkulima pia. Wengi wa pwani hii, Wazaramo na Washomvi na waliochanganyika nao, wana ekari ya muhogo au mpunga nyuma ya kijiji, na sharti shamba lisafishwe kabla ya mvua za vuli, kwani kaskazi ikitulia hakuna atakayeliangalia.

Juu ya fedha nitasema kwa ufupi, ingawa jambo lenyewe laniuma. Pamba, uzi, rangi na mashine ya boti havipatikani bure, na mvuvi aliyetoka katika kusi mkono mtupu hukopa kwa tajiri, kwa ahadi ya kumuuzia yeye peke yake samaki watakaovuliwa. Wako matajiri waungwana. Lakini deni linalopangiwa bei kabla samaki hajatoka majini humfunga mtu miaka, na ushirika wenye akiba yake ni dawa bora kuliko huruma ya mkopeshaji. Aidha, Sheria ya Uvuvi ya 2003 yataka chombo kisajiliwe na mvuvi awe na leseni, na demani ndiyo wakati unaofaa wa kulitimiza hilo, kabla ya shughuli.

Vyombo vikiwa tayari, watu wa dini hualikwa. Hufukizwa ubani, husomwa dua au maulidi, na sadaka huliwa pamoja, mwenye mashua na baharia wake wakichovya katika sinia moja. Halafu hungojwa bamvua nyingine na vyombo vikashuliwa. Samaki wa kwanza hawaendi mnadani wote. Kitoweo hupelekwa kwanza kwa wajane na kwa waliosaidia kuvuta magogo.

Yote hayo yahitaji ardhi. Mzizima kilikuwa kijiji cha wavuvi kabla Sayyid Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, na vijiji vya kandokando vilikuwa vikianika nyavu kabla mji haujavifikia. Sasa mji umevifikia, na kutoka Msasani hata Mbezi na Kunduchi kuta zimesogea mpaka mawimbi yanapoishia. Mahali pa kupandisha mashua pamekuwa uchochoro, na pa kutandaza jarife hapana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu katika mita 60 kutoka ufukoni, na kazi ya demani si ya kudumu, huja ikapita pamoja na upepo wake. Nafasi ile basi yatosha, ikilindwa. Nazisihi halmashauri za manispaa za Kinondoni na Kigamboni ziyapime madiko yaliyosalia, ziyawekee mipaka, na kuyaandika kuwa mali ya vijiji vya wavuvi, kabla kiwanja cha mwisho hakijauzwa.